Ligi zinagombana, mzazi analipa: Yanayowasibu wazazi wa soka la wasichana Marekani

Aprili 15, 2020, Marekani ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona, Shirikisho la Soka la nchi hiyo lilitangaza kwamba linaifunga ligi yake ya vijana, Development Academy. Halikuiahirisha mpaka maradhi yapite. Liliifunga moja kwa moja. Kwa wavulana, ligi hiyo ilikuwa imedumu tangu 2007. Ya wasichana ilianza 2017 na haikutimiza hata miaka mitatu. Ilikuja na ahadi kubwa: hii ndiyo njia ya kufika timu ya taifa, na anayetaka kuipita aache kuchezea timu ya shule yake. Wasichana wa miaka 14 na 15 wakaacha. Waliwaaga wenzao wa darasani, wakaongezewa siku za mazoezi, na wazazi wakapanga upya zamu za kazi ili kuwafikisha uwanjani. Kisha siku moja ya Aprili wakaambiwa kwamba njia hiyo haipo tena.

Nimeanza na tarehe hiyo kwa sababu wazazi wa wachezaji wa kike Marekani wana sifa mbaya: kwamba wana tamaa, kwamba kila mmoja anamwona bintiye ndiye nyota ajaye kama Alex Morgan, na kwamba malalamiko yao ni ya watu walioshiba. Wapo wa namna hiyo. Lakini ukifuatilia jinsi ligi zenyewe zilivyoundwa, zilivyogawanyika na zilivyonyang'anyana klabu, utaona kwamba hasira za mzazi zina msingi. Anatakiwa kutoa fedha nyingi na kuamua haraka katika mfumo ambao wakubwa wake wameshindwa kukaa meza moja, na hasara ya kushindwa kwao anaibeba yeye na mtoto wake.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2009 klabu 40 za wasichana zilianzisha ligi yao ya kitaifa, Elite Clubs National League, ambayo kila mtu huiita ECNL. Ilikuwa fikra nzuri. Klabu zenye nguvu zilikuwa zikizifunga timu za jirani mabao nane kila wiki, na wasichana wenye kipaji hawakuwa na wa kuwapima. Ligi ilipanuka, makocha wa vyuo vikuu wakaizoea, na kwa miaka minane ilikuwa haina mshindani wa kweli. Ndipo mwaka 2017 Shirikisho likaingia na ligi yake. Klabu zikatakiwa kuchagua upande. Nyingine zilihamia kwa Shirikisho, nyingine zikagoma, na baadhi ya zile zilizohama zilirudi ECNL hata kabla ya tangazo la 2020. Shirikisho lilipojitoa, klabu zilizoachwa bila ligi zikajikusanya ndani ya wiki chache na kuunda Girls Academy, yaani GA.

Leo, binti wa miaka 13 anayesifiwa na kocha wake Dallas, Charlotte au Columbus anakutana na herufi hizo kabla hajajua kupiga krosi vizuri. ECNL au GA? Chini ya hizo mbili kuna ligi ya kanda ya ECNL, kuna DPL, kuna NPL, kuna National League ya US Youth Soccer, na kila moja inajieleza kuwa ni ya kitaifa au ya kiwango cha juu. Mzazi aliyekulia na Simba na Yanga, au Gor Mahia na AFC Leopards, anatafuta msimamo wa ligi ili ajue ipi iko juu na ipi iko chini. Msimamo wa namna hiyo hauko.

Hauko kwa sababu ya kanuni moja ambayo nadhani ndiyo mzizi wa shida yote. Katika ECNL na GA uanachama ni wa klabu. Timu haipandi daraja kwa matokeo yake. Klabu ikikubaliwa ECNL, timu zake za rika zote zinaingia, ile kali ya waliozaliwa mwaka fulani pamoja na ile dhaifu ya mwaka unaofuata. Klabu ndogo ya mji uleule inaweza kuwa na timu inayomfunga kila mmoja, msimu mmoja, miwili, mitatu, na bado isipande popote. Hakuna mechi ya mtoano ya kuamua, wala pointi za kukusanya. Ombi la kujiunga linajadiliwa ofisini, na ligi inatazama eneo, viwanja, uwezo wa klabu na nani tayari yumo katika mji huo.

Matokeo yake anayaona kila kocha wa klabu ndogo. Analea kikundi cha wasichana tangu wakiwa na miaka minane, anawafundisha kupokea mpira huku wametazama mbele, anajua nani anaogopa kupiga kichwa na nani anahitaji kusemeshwa kwa upole. Wakifika miaka 12 au 13, wanne walio bora wanaondoka kwenda klabu yenye herufi. Hawaondoki kwa sababu mafundisho ni bora huko. Wazazi wengi watakuambia waziwazi kwamba kocha waliyemwacha alikuwa anajua zaidi. Wanaondoka kwa sababu wameambiwa, na ni kweli kiasi, kwamba asiye na beji ya ligi kwenye mkono wa jezi haonekani. Waliobaki wanapoteza timu yao. Miaka miwili baadaye, ligi zikibadilishana klabu, walioondoka nao wanaanza kuulizana waende wapi.

Usiku wa majaribio

Katika majimbo mengi majaribio hufanyika Mei au Juni, na kila mzazi wa soka hilo anaijua sura yake. Maegesho yamejaa. Kwenye meza ya kukunja kuna mzazi wa kujitolea mwenye orodha. Anatafuta jina, anampa binti namba ya karatasi na pini nne za kuifungia kwenye fulana. Wasichana sabini au zaidi kwenye nyasi bandia, makocha watatu na mbao zao za kuandikia, wazazi nyuma ya uzio wakijifanya hawatazami. Msichana aliyekuwa na timu hiyo mwaka mzima anafungwa namba kama mgeni. Wengine wawili watatu wamekuja na makoti ya klabu pinzani, na kila mtu anaelewa kwamba wamekwisha kuzungumza na kocha wiki kadhaa nyuma. Mzazi anahesabu: nafasi ni 18, waliokuwemo ni 17, na wageni hawa hawakuja kutalii.

Barua pepe inaingia usiku huohuo au kesho yake. Hongera, tunampa bintiyo nafasi katika kikosi cha pili. Una saa 24, wakati mwingine 48, kukubali na kulipa kishika nafasi ambacho hakirudishwi. Klabu ya ligi nyingine, iliyo dakika arobaini kwa gari, inafanya majaribio yake keshokutwa. Ukikubali hapa umejifungia kule. Ukisubiri kule, hapa nafasi itachukuliwa. Binti amelala, ana mtihani wa hesabu asubuhi. Baba na mama wameketi jikoni na simu katikati ya meza, wakijaribu kuamua mwaka mzima wa maisha ya nyumba yao kwa kutumia ujumbe wenye mistari sita.

Saa hizo zimepangwa makusudi. Klabu zinagombania wachezaji, na anayemfungia mzazi mlango mapema ndiye anayeshinda. Hakuna tarehe ya pamoja ya kutoa majibu inayozifunga klabu zote za mji, kwa sababu hakuna mwenye mamlaka anayeisimamia. Katika malalamiko yote ya wazazi hawa, hili ndilo ninaloliona jepesi zaidi kurekebisha, na ndiyo maana linaudhi zaidi.

Bei ya beji

Ada ya mwaka katika klabu za ngazi hii ni dola elfu kadhaa, na hiyo ni ada ya kumfundisha tu. Mkoba wa klabu, jezi mbili, suti ya mazoezi na soksi hununuliwa kwa pamoja, vyote au basi, na mkataba wa vifaa ukibadilika kila kitu kinanunuliwa upya. Kisha kuna safari. Ligi inaitwa ya kitaifa, kwa hiyo lazima ionekane ya kitaifa: wikiendi ndefu Phoenix, nyingine San Diego, nyingine Florida. Mashindano mengi yana sharti kwamba timu ngeni zilale kwenye hoteli zilizoorodheshwa na waandaaji, la sivyo timu haichezi. Mzazi mwenye shemeji katika mji huohuo, mwenye chumba cha wageni kilichotandikwa, analipia hoteli usiku tatu.

Taasisi ya Aspen, ambayo hufuatilia michezo ya watoto Marekani, ilikuta kwamba mwaka 2024 familia ya kawaida ilitumia zaidi ya dola 1,000 kwa mchezo mkuu wa mtoto mmoja, ongezeko la asilimia 46 tangu 2019. Huo ni wastani wa michezo yote na ngazi zote, pamoja na mtoto anayecheza bustanini Jumamosi. Familia ya ECNL au GA inaweza kuumaliza wastani huo katika safari mbili za ndege.

Kwa nini klabu hazina chanzo kingine cha fedha? Hapa kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Katika soka la wanaume duniani, kijana akisaini mkataba wa kulipwa, kanuni za FIFA zinataka klabu zilizomlea zipewe fidia ya mafunzo. Katika soka la wanawake kanuni hiyo haitumiki. Hofu ya watunga kanuni ilikuwa kwamba fidia ingezuia klabu changa za wanawake kusajili. Inaeleweka. Lakini maana yake ni kwamba klabu ya wasichana Marekani hata ikizaa nyota haina cha kutegemea kwa njia hiyo, kwa hiyo mwenye kulipa mshahara wa kocha ni mzazi tu. Na si mzazi wa nyota peke yake. Timu ya pili na ya tatu hulipa ada inayokaribiana na ya kwanza, na mara nyingi ndizo zinazoibeba klabu. Mzazi wa kikosi cha tatu anagharimia beji ambayo bintiye haivai.

Hope Solo, golikipa aliyetwaa Kombe la Dunia 2015, alisema mwaka 2018 kwamba kama angezaliwa katika zama hizi familia yake isingemudu gharama za kumpeleka kwenye soka. Alisema mbele ya hadhara, akiwa mmoja wa magolikipa bora waliowahi kutokea. Bei haijashuka tangu aseme.

Chuo kikuu ndicho kinachotafutwa

Msomaji anaweza kuuliza: wanavumilia ya nini? Jibu liko kwenye vyuo vikuu. Sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vilivyokuwa na timu kubwa za futiboli ya Kimarekani, zenye ufadhili wa wachezaji mpaka 85, vilihitaji michezo ya wanawake yenye vikosi vikubwa ili kuleta uwiano. Soka likafaa sana. Ubingwa wa kwanza wa soka la wanawake wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ulichezwa 1982, North Carolina wakashinda, na kutoka kwenye viwanja hivyo vya vyuo ikazaliwa timu ya taifa iliyotwaa Kombe la Dunia mara nne: 1991, 1999, 2015 na 2019. Kwa hiyo soka la wasichana Marekani limeegemea elimu kuliko popote duniani, na mzazi anayetaja ufadhili wa masomo hajabuni ndoto yake.

Tatizo ni hesabu. Zaidi ya wasichana 370,000 huchezea timu za shule za sekondari nchini humo. Wanaocheza katika madaraja yote matatu ya NCAA ni takriban 30,000, na daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa kutoa ufadhili 14 kwa timu nzima, na kocha aliugawa vipande vipande kwa wachezaji ishirini na zaidi. Wengi walipata robo au theluthi. Tangu 2025, baada ya mapatano ya mahakamani, vyuo vilivyoyakubali vina kikomo kingine: wachezaji 28 kwenye kikosi. Chuo kinaweza kumfadhili kila mmoja wao kikitaka, lakini vikosi vilivyokuwa na watu zaidi ya 30 vimepunguzwa. Ongeza wanafunzi wanaohama chuo hadi chuo kwa urahisi kuliko zamani, na kocha anayependelea mchezaji wa miaka 20 aliyekwisha kupimwa. Nafasi ya msichana wa miaka 17 inazidi kuwa finyu, huku bei ya kuitafuta ikipanda.

Kocha wa chuo naye ana bajeti. Kwa kanuni ya 2019, yule wa daraja la kwanza haruhusiwi kuzungumza na mchezaji moja kwa moja kabla ya Juni 15 baada ya darasa la kumi, kanuni nzuri iliyokuja kuzuia wasichana wa miaka 13 kuahidiwa vyuo. Lakini anaruhusiwa kutazama. Kwa hiyo anakwenda mahali ambapo akiketi kwenye kiti chake cha kukunja anaweza kuona timu nyingi kwa siku moja, orodha ya majina na namba mapajani. Herufi za ligi zinapata thamani yake hapo, kwenye uamuzi wa kocha aende Phoenix au aende kwingine wikiendi hiyo. Mzazi analipia ligi akiwa ananunua uwezekano wa kiti hicho kuwekwa pembeni mwa uwanja wa bintiye. Ligi zinajua hivyo, na kila moja inatangaza idadi ya makocha waliofika kwenye maonyesho yake.

Nimewahi kusimama kwenye mashindano ya namna hiyo. Nusu saa kabla ya mechi, kocha wa timu moja alikuwa akigawa karatasi zenye picha za wasichana wake, alama zao za darasani na barua pepe zao kwa kila mtu mwenye fulana ya chuo. Uwanja wa pili kutoka hapo kulikuwa na mechi kali mno, ya kasi, wasichana wakigombea kila mpira. Ilikuwa ni ya mashindano ya ligi ya chini. Hapakuwa na kiti hata kimoja.

Shule, tarehe ya kuzaliwa na goti

Katika ugomvi huu timu ya shule ndiyo iliyoumia kwanza. Development Academy iliikataza. ECNL iliiruhusu, na hilo lilichangia kuzirudisha klabu kadhaa. ECNL inastahili sifa kwa hilo. Kwa msichana wa miaka 16, kucheza mbele ya walimu wake na watoto wa mtaa wake ni jambo kubwa, na ni soka ambalo mzazi analipia kidogo sana. Wazazi wetu waliokulia na michezo ya shule ya UMISSETA, ambapo shule ilikodi gari na kijiji kikaja kushangilia, wanaelewa bila kuelezwa.

Kisha kuna suala la umri. Mwaka 2016 Marekani iliacha kupanga timu kwa mwaka wa shule ikaanza kupanga kwa mwaka wa kuzaliwa, Januari hadi Desemba, ili ifanane na dunia. Timu za watoto wa darasa moja zikavunjwa mara moja. Chukua binti aliyezaliwa Novemba 2011. Wenzake wa timu waliozaliwa Machi na Juni wanaingia sekondari mwaka mmoja kabla yake. Ikifika msimu wa shule, wenzake wanaondoka klabuni kwenda kuchezea shule zao, naye, bado yuko darasa la nane, anabaki na mazoezi ya wasichana watano na kocha mmoja. Ada inaendelea kulipwa. Wazazi wa watoto wa Septemba hadi Desemba wamelia na jambo hili karibu muongo mzima.

Hatimaye wamesikilizwa. US Youth Soccer, US Club Soccer na AYSO walikubaliana kwamba kuanzia msimu wa 2026/27 umri utahesabiwa kuanzia Agosti 1 hadi Julai 31. Ni uamuzi sahihi. Lakini una maana ya timu kuvunjwa na kuundwa upya tena, majaribio mengine, namba za karatasi nyingine, na binti aliyepata nafasi mwaka jana kuigombea dhidi ya waliokuwa juu yake kwa mwaka mmoja.

Mwili nao una hesabu yake. Wasichana hukatika ligamenti ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana, na miaka ya hatari ni hiyohiyo ya 14 hadi 18 ambayo ligi zinaibana kwa mechi, maonyesho, msimu wa shule na kambi za vyuo. Mechi tatu ndani ya siku tatu ni jambo la kawaida. Hakuna ligi inayotaka kuwa ya kwanza kupunguza, kwa kuogopa kwamba mwenzake atajitangaza kuwa na mechi nyingi zaidi.

Na kuna jambo zito zaidi. Oktoba 2022, ripoti ya mwanasheria Sally Yates, iliyochunguza unyanyasaji katika ligi kuu ya wanawake NWSL, ilisema kwamba chanzo cha utamaduni wa makocha kutukana na kudhalilisha kiko chini zaidi, kwenye soka la vijana, ambako wasichana wanazoeshwa kuona ni kawaida. Nikiisoma ripoti hiyo namfikiria mzazi mwenye klabu moja tu ya ligi ya juu katika eneo lake. Kocha akimwita bintiye majina mabaya, mzazi atakwenda wapi? Akilalamika, binti anakaa benchi. Akihama, anahama na ligi. Wengi wananyamaza mpaka binti mwenyewe aseme ameuchoka mpira, na wakati huo ana miaka 15.

Wanaozungumza Kiswahili

Familia zinazozungumza Kiswahili ni nyingi sasa Marekani. Kuna Wakongomani waliohamishiwa huko kutoka kambi za wakimbizi, wakaanza maisha Louisville, Boise au Fort Worth. Kuna Wakenya na Watanzania wa Dallas, Houston, Boston na Minneapolis. Binti zao wanacheza, na wengine wanacheza vizuri sana. Mama aliyeko zamu ya usiku akihudumia wazee, na baba anayefanya kazi ghalani hata Jumamosi, hawawezi kumpeleka mtoto mazoezi ya saa kumi na moja jioni upande wa pili wa jiji mara tatu kwa wiki. Klabu nyingi zina msaada wa ada kwa wenye kipato kidogo, lakini mara nyingi msaada huo unaishia kwenye ada. Ndege, hoteli na mafuta ya gari havimo, na fomu ya kuomba inataka nyaraka za kodi ambazo mzazi mgeni anaona aibu kumwonyesha mtu asiyemjua. Binti anaachwa kwenye timu ya shule. Na timu ya shule, kama tulivyoona, siyo mahali kocha wa chuo anapoweka kiti chake.

Kila jambo hili linapozungumzwa, jina la Naomi Girma hutajwa kama ushahidi kwamba mfumo unafanya kazi. Ni beki wa timu ya taifa, binti wa wahamiaji kutoka Ethiopia, aliyezaliwa San Jose mwaka 2000. Aliingia klabu za ushindani, akaenda Stanford, akawa chaguo la kwanza la NWSL mwaka 2022, na Januari 2025 Chelsea wakamnunua kwa takriban dola milioni 1.1, mchezaji wa kwanza wa kike kuvuka milioni moja. Ni fahari ya Afrika Mashariki nzima. Lakini tazama alikoanzia. Baba yake, Girma Aweke, pamoja na familia nyingine za Kihabeshi, walikusanya watoto bustanini katika mpango walioupa jina la Maleda. Watoto walicheza, wazazi walikutana na kula. Hapakuwa na beji wala barua pepe ya saa 24. Kipaji kikubwa kuliko vyote vya ulinzi katika soka la wanawake leo kililelewa kwanza na wazazi waliojipanga wenyewe, na klabu zikakipokea kikiwa tayari kinaupenda mpira.

Wenye ligi wana hoja yao, na nimeisikiliza. Wanasema ushindani wa ligi ndio uliowalinda wasichana: Shirikisho lilipofunga duka 2020, ECNL ilikuwepo na GA ikazaliwa haraka. Ni kweli. Ligi moja iliyolazimishwa na Shirikisho ilijaribiwa ikaanguka, nami sitamani irudi. Wanasema pia kwamba Marekani ilitwaa dhahabu Paris 2024, hivyo mambo si mabaya. Hapo sikubaliani. Mwaka mmoja kabla ya hapo timu hiyohiyo ilitolewa na Sweden katika hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia. Wachezaji 20 walio juu kabisa hawawezi kutumika kupima jinsi watoto laki tatu wanavyotendewa.

Ninachoona kinawezekana ni kidogo na kinahusu kanuni. Tarehe moja ya majibu kwa klabu zote, kabla yake hakuna anayelazimishwa kulipa. Gharama ya mwaka mzima, na safari ndani yake, iandikwe kwenye karatasi moja kabla mzazi hajasaini. Mzazi aruhusiwe kulala anakotaka. Ziwepo mechi za mtoano ambapo timu ya klabu ndogo inaweza kuingia ligi ya juu kwa miguu yake. Na bingwa wa ECNL akutane na bingwa wa GA, jambo ambalo mpaka sasa halina mahali pake kwenye kalenda, kwa hiyo wasichana wa timu mbili zilizo bora nchini wanamaliza sekondari bila kujua nani angemfunga nani.

Shirikisho haliwezi kusema halina uwezo. Sheria ya Bunge ya mwaka 1978 kuhusu michezo ya ridhaa na Olimpiki ndiyo inayolipatia nafasi ya kusimamia mchezo huu, na mashirika makubwa ya vijana ni wanachama wake. Tena uamuzi wa umri umeonyesha kwamba mashirika matatu yanayogombania watoto haohao yanaweza kukaa chini, kukubaliana tarehe moja na kuitangaza nchi nzima. Walikubaliana Agosti 1 kwa ajili ya kuhesabu umri. Wakae tena wakubaliane siku moja ya mwezi Juni, ili mzazi awe na wiki mbili za kuzungumza na bintiye kabla hajajibu barua pepe ya klabu.